Itambue sauti ya Kiingereza kwa vidole na karatasi

Mimi huanza na koo, kabla ya kitabu chochote. Weka vidole viwili kooni, vuta "ssss", kisha "zzzz". Mtetemo unaousikia kwenye ya pili ni nyuzi sauti: z ni ghuna, yaani sauti yenye mtetemo huo; s si ghuna. Ulimi haukuhama hata kidogo, ndiyo maana naipenda jozi hii kuliko zote.

Halafu uliza hewa inazuiwa wapi: midomoni (p, b, m), kwenye ufizi (t, d, n) au kwenye kaakaa laini, nyuma ya paa la kinywa (k, g). Inazuiwaje? Ikizibwa kabisa na kuachiwa ghafla, ni kipasuo. Ikipenya kwa kukwaruza, ni kikwamizo. Ikipitia puani, ni nazali. "Think" huanza kama thelathini, "this" kama dhahabu.

Sasa shika karatasi nyepesi mbele ya midomo, useme "pin", kisha "spin". Pumzi ya p ya kwanza huipeperusha, ya pili karibu isiiguse. Wanafunzi wangu wengi hushangaa hapa. Rudia mpaka uone mwenyewe.

Kwa irabu hewa haizuiwi. Tazama kioo: taya hushuka kutoka "see" hadi "father".