Kufundisha kusoma mwaloni: kwa anayejitolea kuwakalisha watu wazima darasani

Kwenye mialo ya Mwanza, yaani sehemu za ufukweni mitumbwi inapotia nanga na kushusha samaki, kuanzia Kirumba hadi visiwa vya Ukerewe, ratiba ya kisomo hupangwa kwa kuangalia mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza; mbalamwezi ikikolea, taa haiwavuti tena na wavuvi hukaa nchi kavu siku kadhaa. Siku hizo fundisha kila siku, kwa muda wa saa moja na nusu. Giza likirudi, waachie wavuvi kazi ndogo ya kurudia, uhamie kwa akina mama wanaoanika. Wao huanika asubuhi na kuanua alasiri, kwa hiyo waombe saa nne hadi saa tano na nusu. Wingu likitanda, funga daftari bila kununa. Dagaa walionyeshewa hushuka bei, na mama aliyepata hasara kwa ajili ya darasa lako harudi.

Mwenyekiti wa mtaa apewe taarifa mapema, kisha ofisa wa elimu ya watu wazima wa halmashauri. Banda la BMU, kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi mwaloni, linafaa kuliko darasa la shule ya msingi, kwani madawati ya watoto huumiza magoti na heshima pia. Wapokee watu 8 hadi 12, si zaidi. Tafuta ubao, chaki, penseli laini za 2B, madaftari ya mistari mipana, na katoni za kukata kadi za ukubwa wa kiganja. Anayekisogeza kitabu mbali ili aone hana uzito wa akili. Macho ya waliopita miaka 40 huanza kuchoka kwa vitu vya karibu. Mwandikie herufi kubwa na umshauri apime macho.

Salamu ni shikamoo kwa wanaokuzidi umri, na majina ni Mama Fulani au Baba Fulani. Neno ngumbaru waachie wao wenyewe walitanie.

Siku ya kwanza usitoe mtihani. Uliza: unataka kusoma nini? Mmoja atasema daftari la mkopo la kikundi, mwingine meseji ya pesa kwenye simu, mwingine jina lake tu ili asitie tena dole gumba. Hilo la jina mpe siku hiyohiyo, alinakili kama picha hata kama lina silabi ngumu. Wazo la kuanza na kazi ya mtu si geni hapa: mradi wa kisomo chenye manufaa wa mwaka 1968 hadi 1972, uliokuwa na makao yake Mwanza, ulitumia vitabu vya pamba, uvuvi, ndizi na ng'ombe.

Sasa neno la kwanza. Andika dagaa, lisomeni pamoja, kisha likate: da-ga-a. Panga ubaoni da, de, di, do, du na ga, ge, gi, go, gu, pamoja na irabu tano peke yake. Waachie kadi wajenge maneno wenyewe: dada, dua, dau, dogo, gogo, adui. Kipindi kinachofuata leta sato, nayo itazaa tatu, sita, tisa, saa, na ukichanganya na kadi za mwanzo, soda. Nenda kwa maneno mawili kwa wiki. Mtumbwi, ng'ombe na dhahabu vingoje hadi silabi nyepesi zisomwe bila kusitasita.

Kosa kubwa la walimu wapya ni kunakilisha. Mtu anajaza kurasa kumi kwa mwandiko mzuri na bado hajui kusoma, anachora. Kosa la pili ni kuridhika na anayesoma ukurasa kwa sauti, kumbe ameukariri. Mpime kwa kuchanganya kadi, au msomeshe mstari kutoka mwisho kurudi mwanzo. Wanaozungumza Kisukuma mara nyingi huandika l penye r, na Wakurya kinyume chake. Usiwakemee wala usikwame hapo. Andika kula na kura jozi kwa jozi, wasikie maana inavyogeuka.

Hesabu huwa rahisi zaidi, kwa sababu noti na debe wanavijua. Tumia meseji za kutuma pesa: kiasi, jina la mpokeaji, salio. Hapa kuna sharti moja lisilopindishwa: usiguse simu ya mwanakisomo wala usisikie namba yake ya siri, hata akikuomba umsaidie. Wengi wameibiwa na watu waliowaamini hivyohivyo.

Kiingereza je? Wanaokihitaji wapo, mathalani vijana wa boti zinazopeleka wageni Saanane na wahudumu wa hoteli. Kisianze kwa maandishi kabla mtu hajasoma sentensi nzima ya Kiswahili bila kukata silabi. Sababu ni hii: e ya Kiswahili husomwa e popote, lakini kwa Kiingereza jina la herufi hiyo ni i, na jina la i ni ai. Ukichanganya mapema, unabomoa ulichojenga.

Kwa mdomo, hata hivyo, anza wakati wowote: sentensi tano kwa wiki, zile za kazini kwake, kama How much? na Wait here. Tarajia irabu kuongezwa mwishoni, fish ikawa fishi. Dawa yake ni makofi: fish ni kofi moja, fishi ni mawili, wapige huku wakitamka. Tarajia pia she kuitwa he, maana yeye ya Kiswahili haibagui mke na mume. Usitoe maelezo ya sarufi. Nyoosha kidole kwa mama, kisha kwa baba, kila mara watamke linalofaa, dakika tano tu mwanzoni mwa kipindi, hadi ndimi zizoee.