Seva ya muziki ya nyumba nzima kwa MPD kwenye Linux: kutoka sanduku la kanda hadi simu ya kila mtu

Baba alituachia sanduku la kanda: taarabu za Unguja, dansi za Morogoro na Dar, na kanda za harusi za ukoo. Kuzihamisha kuwa faili kulinichukua karibu mwaka. Zilipokwisha, zikakaa kwenye diski ambayo mimi peke yangu ndiye niliyejua kuifungua. Mama akitaka kusikiliza, lazima anisubiri nirudi kutoka kazini. Hilo ndilo lililonipeleka kwenye MPD, na tangu hapo nimeshaifunga kwenye nyumba kadhaa za ndugu na majirani.

MPD (Music Player Daemon) imekuwepo tangu 2003. Ni programu inayokaa kimya nyuma ya mfumo: haina dirisha wala kitufe. Inasoma muziki kwenye diski na kuupeleka kwenye spika, na amri inazipokea kupitia mtandao kwenye poti 6600. Simu ya Mama ni rimoti tu. Simu ikizima, muziki unaendelea.

Ninatumia laptopu ya zamani yenye RAM ya GB 2 na Debian (aina mojawapo ya Linux) isiyo na desktopu. Inatosha kabisa, na betri yake husaidia umeme ukikatika. Kama kompyuta yako ina desktopu na unaitumia kila siku, ni bora uiendeshe MPD chini ya jina lako kwa `systemctl --user`, faili la mipangilio likiwa `~/.config/mpd/mpd.conf` na sauti ikipitia `pulse`, mfumo wa sauti wa desktopu. Maelezo ya hapa chini ni ya mashine iliyowekwa pembeni kwa kazi hii moja.

Hatua ya 1: Sakinisha

```
sudo apt update
sudo apt install mpd mpc alsa-utils
```

`mpc` ni ya kutoa amri kwa MPD kwenye terminali, yaani dirisha la kuandika amri. Hata kama utatumia simu, iweke, maana ndiyo itakayokuonyesha tatizo liko wapi.

Hatua ya 2: Mahali pa muziki, na ruhusa zake

Hapa tusiharakishe. Karibu kila niliyemsaidia, aliyekuwa na seva inayowaka lakini orodha tupu, tatizo lake lilikuwa ruhusa. MPD haiendeshwi na wewe, inaendeshwa na mtumiaji anayeitwa `mpd`. Huyo ni mgeni kwenye kompyuta yako. Ukiweka nyimbo ndani ya folda yako ya nyumbani, Debian na Ubuntu za sasa zinamfungia mlango. Ukichomeka diski ya nje na desktopu ikaifungua yenyewe chini ya `/media/jina-lako`, napo haruhusiwi kuingia, hata kama faili zenyewe ziko wazi.

Kwa hiyo ipe diski makao yake:

```
sudo mkdir -p /srv/muziki
sudo blkid
```

Chukua UUID (namba ya utambulisho) ya diski, kisha ongeza mstari huu kwenye `/etc/fstab`, faili linaloieleza kompyuta diski ipi ifunguliwe wapi:

```
UUID=namba-ya-diski-yako  /srv/muziki  ext4  defaults,nofail  0  2
```

Usiliache neno `nofail`. Bila hilo, siku diski ikichomolewa kompyuta itakwama wakati wa kuwaka. Kama diski imepangiliwa kwa exFAT, andika `exfat` badala ya `ext4`, weka `defaults,nofail,umask=022`, maana `chmod` (amri ya kubadilisha ruhusa) haifanyi kazi kwenye exFAT, na andika sufuri badala ya ile 2 ya mwisho.

```
sudo systemctl daemon-reload
sudo mount -a
sudo chown -R $USER /srv/muziki
sudo chmod -R a+rX /srv/muziki
```

Hiyo `X` ni herufi kubwa kwa makusudi: inafungua folda ziweze kuingiwa bila kuzigeuza nyimbo kuwa programu. Kwenye exFAT ruka mistari miwili ya mwisho. Kisha jivike nguo za `mpd` ujaribu mwenyewe:

```
sudo -u mpd ls /srv/muziki
```

Ukiona folda zako, endelea. Ukikataliwa, `namei -l /srv/muziki` itakuonyesha ruhusa za kila ngazi ya njia, na ngazi iliyofungwa utaiona kwa macho. Usiguse faili la mipangilio kabla amri hii haijakubali.

Hatua ya 3: Tafuta kadi ya sauti kwa jina

```
aplay -l
```

Kwenye laptopu yangu zinatoka kadi mbili: moja ya HDMI na nyingine inaitwa `PCH`, yenye tundu la spika. Miongozo mingi inakuambia uandike `hw:0,0`. Mimi sishauri. Namba hizo zinaweza kubadilishana kompyuta ikizimwa na kuwashwa, na asubuhi ukakuta muziki unaenda kwenye HDMI ambako hakuna kitu. Jina halibadiliki. Lijaribu:

```
sudo -u mpd speaker-test -t wav -c 2 -D plughw:CARD=PCH,DEV=0
```

Utasikia sauti ikitaja upande wa kushoto na wa kulia. Simamisha kwa Ctrl+C. Kimya? Fungua `alsamixer`, chagua kadi kwa F6, na pale unapoona `MM` chini ya Master au Speaker bonyeza M. Halafu `sudo alsactl store` ili ikumbuke.

Hatua ya 4: Faili la mipangilio

Fungua `/etc/mpd.conf`. Limejaa maelezo, lakini mistari unayoihitaji ni michache. Iliyopo irekebishe, isiyokuwepo iongeze:

```
music_directory   "/srv/muziki"
auto_update       "yes"
restore_paused    "yes"
bind_to_address   "any"

password  "nyumbani77@read,add,control"
password  "fundi-neno-refu@read,add,control,admin"
default_permissions "read"

audio_output {
    type        "alsa"
    name        "Spika za sebuleni"
    device      "plughw:CARD=PCH,DEV=0"
    mixer_type  "software"
}
```

`restore_paused` naipenda sana. MPD hukumbuka wimbo uliokuwa ukicheza, na bila mstari huu umeme ukirudi saa nane usiku muziki unaanza wenyewe na nyumba nzima inaamka. Ukiuweka, unasubiri hadi mtu abonyeze.

Maneno ya siri ni mawili. La kwanza ni la wote nyumbani, la pili ni lako. Asiye na neno anaona orodha tu. Lakini jua kwamba MPD haifichi mawasiliano yake: neno la siri linasafiri wazi kwenye mtandao. Ndani ya Wi-Fi ya nyumbani sioni shida. Kufungulia poti 6600 kwenye intaneti, usifanye kamwe.

Jambo jingine linalowachanganya watu wengi: Debian huja na `mpd.socket`, nayo ndiyo inayoshika poti 6600 kwa niaba ya MPD. Ikiwa hai, mstari wa `bind_to_address` hausomwi kabisa, hata uubadilishe mara ngapi. Izime:

```
sudo systemctl enable mpd
sudo systemctl disable --now mpd.socket
sudo systemctl restart mpd
```

Hatua ya 5: Wimbo wa kwanza

```
export MPD_HOST=fundi-neno-refu@localhost
mpc update
mpc add /
mpc play
```

Nyimbo zikiwa elfu kadhaa, ipe `update` dakika chache kabla ya `add`. Ikigoma, `journalctl -u mpd -e` ina jibu.

Hatua ya 6: Simu

Kwenye Android natumia programu iitwayo M.A.L.P. Inataka anwani ya kompyuta, ambayo utaipata kwa `hostname -I`, poti 6600 na neno la siri la nyumbani. Ingia kwenye ruta uifungie kompyuta anwani hiyo hiyo, la sivyo ikibadilika simu zote zitapotea njia.

Hatua ya 7: Majina

Sasa andika:

```
mpc list artist
```

Mimi nilipoiandika mara ya kwanza, Mbaraka Mwinshehe alitokea mara tano: Mbaraka Mwinshehe, Mwinshehe Mbaraka, MBARAKA, Mbaraka Mwaruka, na Morogoro Jazz peke yake. Kwa MPD hao ni watu watano. Mama alikuwa anafungua mmoja, anakuta nyimbo tatu, anadhani nyingine zimepotea. MPD haitazami jina la faili, inasoma lebo iliyo ndani yake, kwa hiyo kazi iko kwenye lebo.

Kanuni yangu ni hii: mwimbaji anakwenda kwenye `artist`, bendi inakwenda kwenye `album artist`. Mbaraka aliimba na Morogoro Jazz, kisha mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano. Ukitenganisha hivyo, unaweza kumsikiliza yeye maisha yake yote, au bendi moja tu. Kwa taarabu inasaidia zaidi, maana klabu ina waimbaji wengi.

```
sudo apt install eyed3
cd "/srv/muziki/dansi/kanda-14"
eyeD3 -a "Mbaraka Mwinshehe" -b "Super Volcano" *.mp3
mpc update
```

Programu zinazojaza lebo zenyewe kutoka intaneti zinafaa kwa albamu za madukani. Kwa kanda za nyumbani usiziamini. Kaa na mtu mzima anayezijua nyimbo, msikilize pamoja, wewe uandike. Mimi na Mama tulifanya kanda mbili kila Jumapili, na majina ya wapiga gita na wapiga zeze ambayo hayakuandikwa kwenye jalada lolote nimeyapata kwake. Niliyaweka kwenye sehemu ya maoni ya kila faili kwa `eyeD3 --comment`.

Nakala za akiba nazipeleka kwenye diski ya pili: `/srv/muziki`, `/etc/mpd.conf` na `/var/lib/mpd/playlists`. Faili la `tag_cache`, ambamo MPD huweka orodha yake ya nyimbo, liache, `mpc update` hulijenga upya lenyewe.