Namba ya rejimenti bila mwaka haitoshi

Ukisoma mahali kwamba rejimenti ya 95 ya Uingereza ilipigana Waterloo mwaka 1815, kisha ukaikuta Crimea mwaka 1854, usikimbilie kuziunganisha. Ile ya Waterloo ni ya wale walenga shabaha wa sare za kijani. Mwaka 1816 ilitolewa kwenye mfumo wa namba, ikaitwa Rifle Brigade. Iliyopigana Alma, vita vya huko Crimea mwaka 1854, ni 95 nyingine kabisa, ya Derbyshire, iliyoundwa mwaka 1823. Na ili uchanganyikiwe vizuri, Rifle Brigade nao walikuwepo Alma siku hiyohiyo.

Kwa hiyo anza na mwaka, namba baadaye. Black Watch, rejimenti ya Waskoti inayojulikana sana kama ya 42, ilikuwa ya 43 hadi 1749. Kabla ya 1751 rejimenti nyingi ziliitwa kwa jina la kanali wake, na mwaka 1881 namba za askari wa miguu zikafutwa rasmi, ingawa wenyewe waliendelea kuzitumia kwa mazoea.

Ukishapata mwaka, fungua Army List (orodha rasmi ya maofisa wa jeshi) ya mwaka huohuo, si kitabu cha sifa kilichoandikwa miaka mia baadaye. Kwa askari wa kawaida, daftari za mahudhurio na mishahara ziko kwenye Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Uingereza, Kew, London, fungu la WO 12, hadi 1878.

Hata KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) ni hivyohivyo. Mtu akidai babu yake alikuwa batalioni ya 6 mwaka 1912, mwulize vizuri: ilivunjwa 1910, ikaundwa upya 1917.