Kabla ya kuogopa asilimia, uliza: kutoka ngapi hadi ngapi?
Nimejifunza hili karibuni na sasa nasoma habari za utafiti wa lishe kwa jicho jingine. Ukikuta "chakula hiki kinaongeza hatari kwa asilimia kadhaa", tafuta kwanza hatari ya mwanzo ni ngapi. Mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walieleza kwamba kila gramu 50 za nyama iliyosindikwa zinazoliwa kwa siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Inatisha, kweli. Lakini chukua mahali ambapo watu 5 kati ya 100 huugua saratani hiyo maishani: ile 18 ni asilimia ya wale 5, si ya wote 100, kwa hiyo wanafika karibu 6. Hesabu hii itakupotosha kama ugonjwa huo umo katika ukoo wenu, maana hatari yako ya mwanzo huenda iko juu tayari. Wala usiitumie kupuuza onyo la afya ya jamii. Mtu 1 zaidi katika kila 100, kwa nchi nzima, ni umati.