Jinsi ya kukisaidia chama kidogo kiingie kwenye karatasi ya kura huku Ujerumani

Wabongo na Wakenya kadhaa waliopata uraia huku wameniuliza siasa za Ujerumani mtu anaanzia wapi, maana kwenye vyama vikubwa unaweza kupanga viti vya mkutano miaka kumi na hakuna anayekujua jina. Mi nawaambia nendeni chama kidogo, na mfano wangu ni Volt, wale wa zambarau wanaoipenda Ulaya kupita kiasi. Kilianzishwa Machi 2017 na vijana watatu, Andrea Venzon, Colombe Cahen-Salvador na Damian Boeselager, siku ileile Uingereza inapeleka barua ya kujitoa Umoja wa Ulaya. Wazo lao ni chama kimoja, sera zilezile kila nchi.

Kabla hujachapisha hata kipeperushi, chagueni uchaguzi wa kuingia. Hapa ndo wengi wanabugi, wanakimbilia bunge la Berlin, yaani Bundestag, bunge la taifa zima, kwa sababu ndo lenye jina. Sasa sikia, 2019 Volt walipata 0.7% kwenye kura ya Ulaya, yaani ya kuchagua Bunge la Ulaya, huku Ujerumani, kama kura 250,000 hivi, wakapata mbunge mmoja, Boeselager mwenyewe. 2025 wakapata 0.7% hiyohiyo kwenye bunge la Berlin, wakaambulia patupu, kwa sababu kule kuna kizingiti cha 5%, chama kisipofika hapo kwa kawaida hakipewi viti vya orodha, na kwenye kura ya Ulaya hakuna, mahakama ya katiba ilikifuta kile cha mwisho cha 3% mwaka 2014. Viti vya Ujerumani kwenye Bunge la Ulaya viko 96, ndo maana hata kachama kadogo kanapenya. 2024 kwenye kura ya Ulaya walifika 2.6% wakapata wabunge watatu, na Volt wa Uholanzi wakaongeza wawili. Ila kuna mpango wa kurudisha kizingiti kwenye kura ya Ulaya, safari hii cha 2%, kwa hiyo msilale.

Haya, wadhamini. Nyumbani tunajua mgombea urais anazunguka mikoani kutafuta wadhamini, huku ni hivyohivyo ila ni chama ndo kinatafuta. Chama kisicho na wabunge wa kutosha kikitaka orodha ya nchi nzima kwa kura ya Ulaya kinahitaji saini 4,000, na zipelekwe kwa msimamizi mkuu wa uchaguzi wa Ujerumani kabla ya saa 12 jioni siku ya 83 kabla ya uchaguzi. 4,000 inasikika ndogo, subiri usimame nje ya stesheni Jumamosi ya Januari na baridi ile ndo utajua. Kila mtu anajaza fomu yake mwenyewe, jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani, saini, na haruhusiwi kudhamini orodha mbili, halafu fomu inaenda manispaa anakoishi ithibitishwe kwamba kweli ni mpiga kura. Mimi mara ya kwanza nilirudi na furushi nikijiona shujaa, kumbe nyingi hazifai, wanafunzi wa chuo wameandika anwani ya hosteli wakati manispaa imewasajili kama wakazi wa kwa wazazi wao mji mwingine. Kwa hiyo swali la kwanza liwe "umesajiliwa wapi?", sera baadaye, na fomu uzipange kwa miji palepale usije ukahangaika usiku. Lenga saini nyingi kuliko zinazotakiwa maana zitakatwa tu. Na usiwapite vijana, tangu 2024 wa miaka 16 wanapiga kura ya Ulaya, na Mtaliano au Mpolandi anayeishi hapa naye anaruhusiwa.

Mkishapita, msimalize hela kwenye mabango. Kuna Wahl-O-Mat, ile programu ya mtandaoni ambayo mtu anajibu kauli 38 halafu anaonyeshwa chama kinachofanana naye, na hapo chama kidogo kinaulizwa maswali yaleyale kama kikubwa, kwa hiyo mpeni kazi ya kuandika majibu mtu anayejua kuandika. 2019 ilikuwa inakulinganisha na vyama 8 tu kwa mara moja, Volt wakaenda mahakamani Köln wakashinda, programu ikazimwa siku chache kabla ya kura, wakakubaliana ikarudi, na siku hizi unalinganisha vyote. Ile kesi iliwatangaza kuliko bango lolote bana.

Hela: mkivuka 0.5% kwenye kura ya Ulaya au ya bunge la Berlin serikali inawalipa kwa kila kura, ila hailipi zaidi ya mlichokusanya wenyewe, so vile vieuro kumi vya ada ya mwanachama msividharau.

Kama huna uraia bado, unaweza kujiunga na kusimama kwenye meza ya kampeni, kura ndo huna. Tangu 2024 Ujerumani haikulazimishi kuacha uraia wa zamani, Wakenya katiba yao ya 2010 inawaruhusu, sisi wa Bongo uraia pacha bado ni kilio, hilo fikiria vizuri kabla hujasaini.

Siku ya kura usikae kwenye TV, chama chenu kitakuwa kwenye ule mstari wa kijivu wa "wengineo" tu. Saa 12 jioni vituo vikifungwa nenda kituo cha karibu, kuhesabu ni wazi kwa yeyote, simama kimya uangalie ile rundo yenu, 2019 viligombea vyama 41 kwa hiyo chukua chai kwenye thamosi.