Kukadiria Wingi wa Usipa kwa Mwangwi, Upande wa Kyela

Ukitaka kukadiria wingi wa usipa, samaki wadogo wa Ziwa Nyasa, kwa ekosaunda (kifaa cha kupima kwa sauti majini), kumbuka kwamba ekosaunda haihesabu samaki. Hupiga mlio majini na kusikiliza mwangwi, na sehemu kubwa ya mwangwi wa samaki hurudishwa na kibofu chake cha hewa. Kugeuza mwangwi huo kuwa tani ni kazi yako, na makosa mengi huingia kabla boti haijaondoka Matema, ufukweni mwa ziwa.

Anza na mipangilio, maana vifaa vingi huja vimepangiwa bahari. Kwenye maji yasiyo na chumvi yenye joto la nyuzi 25, sauti husafiri takriban mita 1,497 kwa sekunde. Kubwa zaidi ni upotevu wa sauti: kwa mlio wa masafa (frikwensi) ya kHz 120, maji ya ziwa hula kama desibeli 3 (kipimo cha nguvu ya sauti) kwa kilomita, ya bahari 40 au zaidi. Ukiacha mpangilio wa bahari, mashine itafidia hasara ambayo haikutokea, na samaki walioko mita 100 chini watazidishwa zaidi ya mara 5.

Kisha sawazisha kifaa kwa tufe la tungsteni kabaidi (madini magumu) la milimita 38.1, ambalo mwangwi wake unajulikana. Lioshe kwa sabuni ili mapovu yasiligande, litundike kwa nyuzi tatu za mshipi, mita 15 hivi chini ya transduza (kichwa cha kifaa kinachopiga mlio na kupokea mwangwi), mahali palipotulia. Transduza yenyewe ifungwe kwenye bomba la chuma ubavuni mwa boti, ikae nusu mita hadi mita moja chini ya maji. Ikikaa juu zaidi, mawimbi ya kusi huipitishia mapovu na mwangwi unakatikakatika. Tumia betri, si jenereta. Zima upigaji mlio, uache kifaa kisikilize tu: ukiona michirizi, tafuta waya unaoleta kelele.

Mwendo wa milio nao una mtego wake. Ukipiga milio 5 kwa sekunde, kila mlio una nafasi ya mita 149 tu kabla ya unaofuata. Sakafu iliyoko mita 200 itajibu wakati mlio wa pili umeshatoka, na skrini itakuonyesha "kundi" nene kwenye mita 50. Punguza kasi ya milio, kundi litahama. Samaki halisi hawahami kwa sababu hiyo.

Kwa eneo la kilomita za mraba 100, jumla ya mistari ya kupimia ambayo boti inapita isipungue kilomita 60, ikikata kutoka ufukweni kwenda kilindini. Chini ya Milima ya Livingstone sakafu hutelemka ghafla: kwa miale ya mlio yenye upana wa nyuzi 7, kipenyo cha eneo linalopigwa mita 100 chini ni kama mita 12, na mwangwi wa upande wenye kina kidogo huwahi kufika na kuwafunika samaki wa jirani. Sehemu hiyo ikate kwenye hesabu.

Pima usiku, usipa wakiwa wametawanyika. Mchana hujikusanya, na mstari mmoja ukikutana na kundi makadirio yote yanayumba. Kaa mbali na mitumbwi ya taa, la sivyo utapima mvuto wa taa.

Usumbufu mkubwa zaidi wa ziwa hili ni kungu, wale wadudu wanaopanda juu ya maji kama moshi. Viluwiluwi vyao vina vifuko vya hewa, hushinda kilindini mchana na kupanda usiku, na kwenye kHz 200 hung'aa kama utando wa samaki wadogo. Kwenye kHz 38 hufifia sana, usipa hawafifii hivyo. Kama una masafa mamoja tu, vuta wavu wa planktoni (viumbe wadogo wa majini) wima ndani ya utando huo uone kilichomo.

Hesabu yenyewe ni fupi. Tuseme mwangwi wa mita moja ya ujazo ya maji ni desibeli −64, wa usipa mmoja −54. Tofauti ya desibeli 10 ni mara kumi, kwa hiyo ni samaki 0.1 kwa mita ya ujazo. Tabaka la mita 20 lina samaki 2 kwa mita ya mraba, yaani milioni 2 kwa kilomita ya mraba; kwa gramu 3 kila mmoja, tani 6. Ukikosea ile −54 kwa desibeli 3 tu, tani 6 zinakuwa 12 au 3. Kwa hiyo vua sampuli usiku uleule, kwenye mistari ileile, kwa wavu wa macho madogo, upime urefu wa samaki wasiopungua 100. Usinunue mnadani, pale wameshachambuliwa.