Jinsi ya Kuchagua Betri ya Kuchaji Wakati Betri Yabisi Zikiwa Bado Njiani

Nahodha wa chombo cha dagaa anayevua usiku kwa taa, dereva wa bodaboda ya umeme na mwenye duka linalotegemea sola, wote hapa Tanga hukabiliwa na swali lile lile: wanunue betri iliyopo dukani leo, au wasubiri betri yabisi, yaani isiyo na kimiminika ndani, inayosifiwa kuwa haiwaki moto kwa urahisi, hujaa upesi na hubeba umeme mwingi zaidi? Ushauri wangu ni kununua sasa, kwa kupima, na kutolipa hata shilingi moja ya ziada kwa ajili ya neno lililobandikwa kwenye kasha.

Kwanza elewa tofauti. Betri ya lithiamu ya kawaida, ya aina ambayo kampuni ya Sony iliingiza sokoni mwaka 1991, ina elektrodi mbili, yaani upande wa chanya na wa hasi, na kati yake kuna kimiminika chenye chumvi ya lithiamu ambamo ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, hupita zikienda na kurudi. Kimiminika hicho hushika moto, na ndiyo maana seli, yaani kipande kimoja cha betri, iliyotobolewa au iliyochajiwa kupita kiasi ni ya hatari. Katika betri yabisi, nafasi ya kimiminika huchukuliwa na kauri, salfaidi (mchanganyiko wenye salfa) au polima (kitu cha jamii ya plastiki), jambo linalotoa matumaini ya kutumia metali ya lithiamu yenyewe upande wa hasi. Kinadharia, gramu moja ya lithiamu huhifadhi miliampea-saa 3,860, ilhali gramu ya grafaiti inayotumika sasa huhifadhi 372 tu. Kwa watu wa pwani yenye joto kama yetu, ahadi hii si ndogo, kwa kuwa kauri huvumilia joto ambalo huchakaza upesi kimiminika cha betri za leo.

Ugumu uko kwenye utengenezaji. Lithiamu ikijipanga vibaya wakati wa kuchaji huota vijiti vyembamba ambavyo hupenya hata katika nyufa ndogo za kauri na kusababisha shoti ndani ya seli. Isitoshe, elektrodi huvimba na kusinyaa kila betri inapojaa na kuisha, na kwa kuwa kitu kigumu hakijazi pengo kama kimiminika kinavyofanya, seli nyingi za aina hii huhitaji kubanwa kwa nguvu muda wote ili tabaka zake zisiachane. Salfaidi hupitisha ioni vizuri sana, lakini ikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, ambayo ni sumu. Polima nayo imekwisha kutumika barabarani: magari ya Bluecar yaliyokodishwa mjini Paris kuanzia mwaka 2011 yalikuwa na betri za namna hiyo, ila zilihitaji kupashwa joto ndipo zifanye kazi ipasavyo. Toyota imetaja mwaka 2027 au 2028 kuwa lengo lake la kuweka betri yabisi kwenye magari, na sioni sababu ya kudhani kwamba baada ya hapo zitashuka haraka hadi bei ya mvuvi.

Sasa pima. Zidisha volti kwa ampea-saa ili upate wati-saa, kisha gawanya kwa uzito wa betri katika kilo. Betri nzuri ya lithiamu chuma fosfeti, inayoandikwa LiFePO4 au LFP, yenye volti 12.8 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,280 na uzito wa kilo 11 hivi, yaani takriban wati-saa 116 kwa kilo. Muuzaji akikuonyesha kasha la kilo 3 na kudai kwamba lina umeme huo huo, anadai zaidi ya wati-saa 400 kwa kilo, na dai hilo usilikubali. Vilevile, betri ya simu iliyoandikwa polima kwa kawaida bado ina kimiminika au jeli ndani yake, na betri kavu ya gari iliyofunikwa kabisa bado ina tindikali.

Kwa kazi nyingi za hapa ningechagua LFP, kwa sababu haiwaki kwa urahisi kama lithiamu yenye nikeli na hustahimili kuchajiwa mara nyingi. Taa ya wati 20 inayowaka saa 10 hula wati-saa 200. Betri ya volti 12.8 na ampea-saa 20 ina 256, hivyo inatosha na kubakiza akiba. Hakikisha ina bodi ya ulinzi inayokata umeme betri inapojaa au kuisha, na utumie chaja iliyotengenezwa kwa LFP, ambayo kwa betri ya ukubwa huu hufikia volti 14.4 hadi 14.6. Iweke kivulini, mahali penye hewa, ndani ya kasha lisiloingiza maji ya chumvi, na chomboni ifungwe imara isigongwe. Ikivimba, acha kuitumia. Usiitoboe, usiichome, wala usiitupe baharini.

Siku betri yabisi itakapofika madukani, muulize muuzaji mambo matatu, na majibu yawe kwenye karatasi ya dhamana: inaweza kuchajiwa mara ngapi kabla ya kupungua, inafanya kazi katika joto la nyuzi ngapi, na nani ataitengeneza. Swali la mwisho ndilo linalonishughulisha zaidi. Mafundi wa Ngamiani, hapa Tanga, hufungua pakiti ya betri, hupima seli moja moja na kubadilisha iliyokufa, na kwa njia hiyo humwokolea mteja fedha nyingi. Seli iliyobanwa kwa shinikizo, yenye salfaidi isiyotakiwa kuguswa na hewa yenye unyevu kama ya mji huu, haifai kufunguliwa mezani kwa fundi hata kidogo, kwa hiyo ikiharibika itabadilishwa nzima au itarudishwa kwa aliyeiuza.